Je, onyesho la kikao cha wapangaji lina kazi gani katika filamu Medicine for Melancholy?

Mwanafunzi wa Kamera, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni mmoja wa vijana wanaojifunza utengenezaji wa filamu hapa Dar es Salaam, na kikundi chetu kinaandaa filamu fupi kuhusu mapenzi ya vijana wawili wa mjini: filamu isiyo na fumanizi, isiyo na baba mkali anayemkataa mkwe, wala ugonjwa wa ghafla unaowapatanisha wapenzi wodini. Tunataka kuonyesha watu wawili wanaopendana kwa sauti ya chini, jinsi wengi wetu tunavyopendana, na kwa ajili hiyo tumekuwa tukitazama filamu huru zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Mojawapo ni Medicine for Melancholy, filamu ndefu ya kwanza ya Barry Jenkins, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 2008 katika tamasha la South by Southwest huko Austin, Texas.

Kwa wasioifahamu, kisa chake ni chepesi kusimulia. Micah na Jo, vijana wawili Wamarekani weusi, wanaamka asubuhi katika nyumba ya watu mjini San Francisco baada ya karamu ya usiku, na hawajuani hata majina. Wanapiga mswaki kwa vidole, wanaondoka huku wakioneana haya, wanapata kifungua kinywa kwa maneno ya kuhesabika, kisha wanapanda teksi moja kimya. Jo anashuka bila kuaga vizuri, na pochi yake inabaki ndani ya gari. Micah anaitumia pochi hiyo kumtafuta, anagundua kwamba hata jina alilotajiwa halikuwa la kweli, na kuanzia hapo wanashinda pamoja hadi usiku, ijapokuwa Jo ana mpenzi, Mzungu anayefanya kazi ya kusimamia maonyesho ya sanaa, ambaye wakati huo yuko London.

Swali langu linahusu kipande kimoja tu. Jioni, wapenzi hawa wakiwa wanapita mtaani, filamu inawaacha na kuingia katika chumba ambamo watu tusiowajua wameketi wakizungumzia kodi za nyumba, kufukuzwa kwa wapangaji, na hofu kwamba sheria inayodhibiti kodi inaweza kuondolewa. Wanasema mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu kuliko mtazamaji anavyotarajia, na hakuna hata mmoja wao aliye na habari na Micah wala Jo. Kisha tunarudi kwa wapenzi, nao wanaendelea na jioni yao. Nusu ya kikundi chetu wanashikilia kwamba mwongozaji alipaswa kukikata kikao hicho, kwa sababu kinavunja hali ya mapenzi iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa tangu asubuhi. Nusu nyingine, nami nikiwemo, tunahisi kina kazi, lakini tukiulizwa ni kazi gani hatupati maneno ya kutosha. Naomba mnisaidie: kikao kile kina uhusiano gani na mapenzi ya wawili hawa, na je, kinatusaidia kuelewa kwa nini Jo anaondoka?

---

Bi Mkubwa wa Kizingo, Mombasa

Mwanangu, nashukuru kwa swali lililoulizwa kwa adabu. Nitasema jambo moja, kisha niwaachie wajuzi.

Mnakitazama kikao kile kama mgeni aliyeingia katikati ya mapenzi bila kubisha hodi, ilhali suala la nyumba limo katika mapenzi haya tangu saa ya kwanza. Wawili hawa wanaamkia nyumba isiyo yao. Micah anapopeleka pochi anafika Marina, mtaa wa wenye nafasi ulio karibu na maji, kwenye nyumba ambayo Jo anaishi na mpenzi wake. Yeye Micah anaishi Tenderloin, katikati ya mji, katika makao madogo ya mtu mmoja. Hapana mahali hata pamoja ambapo wote wawili ni wenyeji kwa wakati mmoja: kwa Micah, Jo ni mgeni wa siku moja, na kwa Jo, Micah ni mtu ambaye hapaswi kuonekana. Ndiyo maana karibu siku yao yote inapita juu ya baiskeli, kwenye makumbusho, bustanini, dukani na kwenye ukumbi wa dansi. Wapenzi wasio na pa kukaa hutembea, na sisi tuliokulia miji yenye nyumba za kubanana tunalijua hilo vizuri sana. Filamu inapofika katika chumba cha watu wanaozungumzia kodi, ni mada ileile ambayo sasa imetajwa kwa sauti.

---

Mkaazi wa Oakland

Salaam kwenu nyote. Namuunga mkono Bi Mkubwa kwa yote aliyosema, na kwa kuwa ninaishi Oakland, ng'ambo ya ghuba, mitaa inayoonekana katika filamu hii ni mitaa ninayoipita. Naomba niongeze historia, kwa sababu bila hiyo mtazamaji wa mbali anaweza kudhani kwamba Micah ni kijana mwenye manung'uniko tu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya kuunda meli vilivyoizunguka ghuba hii vilihitaji wafanyakazi kwa haraka, na Wamarekani weusi kutoka Louisiana, Texas na majimbo mengine ya Kusini walikuja kwa maelfu. Upande wa San Francisco wengi wao walipata makazi Fillmore, katika eneo la Western Addition, mara nyingi katika nyumba zilizoachwa tupu baada ya serikali kuwapeleka kambini Wamarekani wenye asili ya Japani mwaka 1942. Fillmore ikawa na makanisa, maduka ya watu weusi wenyewe, na kumbi za muziki wa jazi zilizojulikana nchi nzima. Halafu, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, wakala wa uendelezaji upya wa mji ulitangaza kwamba eneo hilo limechakaa, na ikaja bomoabomoa. Maelfu ya familia ziliondolewa. Baadhi walipewa vyeti vya kuwaahidi kipaumbele cha kurudi, lakini viwanja vingi vilikaa vitupu kwa miaka, na wengi wa waliokuwa na vyeti hivyo hawakurudi kamwe. Mwaka 1970 watu weusi walikuwa zaidi ya asilimia 13 ya wakazi wa San Francisco. Filamu hii ilipotengenezwa walikuwa wamebaki takriban asilimia 7, na Micah anaitaja hesabu hiyo kwa kinywa chake. Katika sensa ya 2020 walikuwa takriban asilimia 5. Ndani kwake Micah ana bango linalokumbusha enzi zile za kujenga mji upya, na anamweleza Jo habari zake. Katika chumba kidogo namna ile, ambamo mtu huchagua kwa makini kitu cha kutundika ukutani, yeye amechagua hilo.

Sasa tazameni njia wanayopita mchana. Wanakwenda kwenye Makumbusho ya Wana wa Afrika Walioko Ughaibuni, yaliyofunguliwa mwaka 2005, kisha kwenye bustani ya Yerba Buena iliyo karibu, ambako kuna maporomoko ya maji yaliyojengwa kwa kumbukumbu ya Martin Luther King, na farasi wa mbao wanaozunguka ambao watoto huwapanda. Micah na Jo nao wanawapanda, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipande ambacho nyuso zao zimefunguka kuliko chochote kilichotangulia. Lakini bustani ile na majengo yanayoizunguka vimekaa juu ya ardhi iliyosafishwa na wakala uleule. Kabla ya hapo kulikuwa na hoteli za vyumba vya bei nafuu walimoishi wafanyakazi wastaafu, wengi wao wanaume wazee wasio na familia, na wapangaji hao walijipanga, wakaenda mahakamani, na kupigania haki ya kupewa makazi mengine. Mwongozaji hatuelezi lolote kati ya hayo. Anawaacha wapenzi wacheke pale, na anayejua historia anajua wanacheka juu ya nini. Hiyo ni heshima kubwa kwa mtazamaji, na naipenda filamu hii hasa kwa sababu hiyo.

Kuhusu kikao chenyewe, ni muhimu mfahamu jinsi sheria ile inavyofanya kazi. San Francisco ilipitisha udhibiti wa kodi mwaka 1979, na unahusu majengo yaliyojengwa kabla ya wakati huo. Mpangaji akishaingia, kodi yake hupanda kwa kiwango kidogo kilichowekwa kila mwaka. Akitoka, mwenye nyumba ana uhuru wa kumtoza anayemfuata bei ya soko. Maana yake ni kwamba mtu wa kipato kidogo aliyepata chumba zamani anaweza kubaki mjini kwa sababu ya chumba hicho tu. Akikiachia, hapati kingine. Juni 2008, miezi mitatu baada ya filamu kuonyeshwa kwa mara ya kwanza, wapiga kura wa California waliletewa Pendekezo la 98, ambalo lingeondoa udhibiti wa kodi hatua kwa hatua katika jimbo zima, na walilikataa. Kwa hiyo watu wale walioketi kwenye kikao walikuwa wanazungumzia hofu ya wakati huohuo, na watazamaji wa kwanza wa filamu walikuwa bado hawajajua itaishaje.

Nikirudi kwenye mapenzi, ninavyoona mimi ni hivi. Micah anampenda Jo kweli, lakini pia anamhesabu. Katika mji ambao kila mwaka watu wanaofanana naye wanapungua, na hasa katika ulimwengu mdogo wa muziki, sanaa na baiskeli anaoupenda, ambamo mara nyingi yeye ndiye mweusi peke yake ukumbini, amekutana na msichana mweusi anayependa vitu vilevile. Kwake hilo si jambo dogo, ni ushahidi kwamba hakukosea kubaki. Na ndiyo sababu anaumia kupita kiasi anapofikiria kwamba mpenzi wa Jo ni Mzungu. Ukimsikiliza katika ugomvi wa usiku, utasikia kwamba analalamika kuhusu mji na kuhusu Jo kwa maneno yaleyale, kana kwamba Jo naye ni mtaa uliochukuliwa. Kikao cha wapangaji kinatupa mizani ya kupimia maumivu hayo. Tumewasikia wageni wakisema, kwa utulivu na bila mapenzi kuhusika, kwamba wanaogopa kuondolewa. Kwa hiyo Micah anapoanza kufoka tunajua kwamba hofu yake si ya kubuni, hata kama amemchagua mtu asiyestahili kuibeba.

---

Nuru, Unguja

Naomba kutofautiana kwa heshima na kaka wa Oakland, si katika historia, ambayo ameieleza vizuri na nimejifunza mengi, bali katika matumizi yake. Historia hiyo inamfafanua Micah. Jo inamwacha palepale alipokuwa, na kila mara tunapoijadili filamu hii mazungumzo huishia kwa Micah, kwa sababu yeye ndiye mwenye maneno mengi.

Tumtazame Jo kwa macho yake mwenyewe. Anatengeneza fulana zenye majina ya wanawake walioongoza filamu, na tunaiona moja yenye jina la Loden, yaani Barbara Loden, Mmarekani aliyeongoza filamu moja tu ndefu, mwaka 1970, na kwa miaka mingi akakumbukwa na wachache. Jo naye, kwa hiyo, ana watu wake waliosahauliwa, na anawakumbuka kwa kuwavaa kifuani bila kumhubiria mtu. Micah ana bango ukutani na anataka ulisome. Jo ana fulana, na ukiuliza atakujibu. Mimi naona tofauti ya wapenzi hawa iko hapo zaidi kuliko kwenye asilimia za sensa. Wanapobishana kuhusu mtu anavyojitambulisha, Micah anasema kwamba akilazimishwa kuchagua atajiita mweusi kabla ya kujiita mwanamume, na Jo anamjibu kwa maana kwamba tatizo lake ni kumfungia kila mtu ndani ya tafsiri moja hadi utu wake usionekane tena. Jibu hilo halikutoka kwa mtu asiyejali. Limetoka kwa mwanamke ambaye tangu asubuhi amekuwa akitazamwa kama jawabu la swali la mtu mwingine.

Ndugu Mwanafunzi ameuliza kwa nini Jo anaondoka. Sioni kwamba anaondoka kwa sababu hampendi Micah, wala kwa sababu anampenda zaidi yule aliye London, ambaye hatumwoni kabisa na hatuna la kumhukumia. Anaondoka kwa sababu kubaki kungekuwa na maana kubwa mno. Angekubali kulala pale na kuamka pale, angekuwa amekubali pia kila kitu ambacho Micah amekipachika juu ya kuamka huko: mji, Fillmore, asilimia saba, na hukumu juu ya maisha yake yote ya awali. Hakuna mapenzi ya siku moja yanayoweza kubeba mzigo huo. Kama Micah angeomba kidogo zaidi, labda angepata.

Na hapo ndipo ninapokubaliana nanyi kuhusu kikao. Kinaonyesha kwamba kuna mahali pa kulipeleka jambo hili. Kuna chumba, kuna viti, kuna watu wazima wanaosikilizana kuhusu kodi na sheria. Micah anapita karibu na chumba hicho na haingii. Badala yake anayachukua yote yaliyosemwa mle na kwenda kumwekea msichana mmoja usiku wa manane. Kwangu mimi kikao kinamtetea Jo kuliko kinavyomtetea Micah, kwa sababu kinaonyesha kwamba hofu hiyo ilikuwa na mlango wake.

---

Mwanafunzi wa Kamera, Dar es Salaam

Nawashukuru sana Bi Mkubwa, kaka wa Oakland na dada Nuru. Hoja ya dada Nuru kwamba Micah anapita karibu na chumba na haingii hatukuwa tumeiona kabisa, na nimeisoma mbele ya kikundi chote. Hata waliotaka kikao kikatwe wamekaa kimya wakaifikiria.

Naomba niulize la mwisho, maana linahusu kazi tunayoanza kuifanya. Katika andiko letu la filamu tuna jambo linalofanana na hilo: wapenzi wetu hawana mahali pa kuishi pamoja, kwa sababu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Kila tunapoandika kipande kuhusu jambo hilo, kinageuka hotuba. Jenkins aliwezaje kuliweka suala la nyumba ndani ya filamu ya mapenzi bila filamu kugeuka mkutano wa hadhara?

---

Mhariri wa Picha, Nairobi

Ndugu Mwanafunzi, mimi kazi yangu ni kuhariri, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa mikono, na wenzangu watanisamehe nikiacha maana kubwa kubwa.

Kwanza ni mpangilio. Angalieni kikao kimewekwa wapi. Kinakuja baada ya wapenzi kuwa pamoja chumbani kwa Micah na kabla ya dansi na ugomvi wa usiku, yaani mahali ambapo mtazamaji ameshiba mapenzi na bado hajaonyeshwa ufa. Kikiwekwa mwanzoni, kitakuwa maelezo ya mada, na kila kitakachofuata kitaonekana mfano wa kuithibitisha. Kikiwekwa baada ya ugomvi, kitakuwa utetezi wa Micah, kana kwamba mwongozaji amesimama kutueleza nani alikuwa na haki. Pale kilipo, hakimtetei mtu. Tunakisikia kama tunavyosikia mazungumzo ya meza ya jirani hotelini, na baadaye maneno yake yanaturudia kutoka kinywani mwa Micah, yakiwa yamechanganyika na wivu. Nikiwa mezani kwangu ningelipigania eneo hilo kuliko kitu chochote katika filamu nzima.

Pili, wapenzi hawakitolei maoni. Hakuna hata mmoja anayemgeukia mwenzake na kusema umesikia yale. Ninyi mnaandika hotuba kwa sababu mnawapa wapenzi wenu kazi mbili, kupendana na kulieleza tatizo, na mtu hawezi kufanya yote mawili kwa sentensi moja bila mojawapo kuwa ya uongo. Jenkins amewapa watu wengine kazi ya kueleza, watu ambao ukiwatazama wanazungumza kama wanaolijua jambo hilo kutokana na maisha yao, wanaokatizana, wanaorudia, wasio na sentensi za kuigiza, na amewaachia Micah na Jo kazi ya kuwa na njaa, kuchoka, na kuamua waende kucheza muziki au warudi ndani.

Tatu ni rangi. Filamu nzima imefifishwa rangi hadi inakaribia kuwa ya nyeusi na nyeupe, na kiwango cha kufifisha hakilingani kila mahali. Kuna nyakati ambapo rangi kidogo inachomoza, kisha inarudi chini. Faida yake kwa mhariri ni kubwa. Kikao, makumbusho, kitanda na barabara vyote vimo katika hali moja ya hewa, kwa hiyo macho hayakuambii kwamba umetoka kwenye mapenzi ukaingia kwenye siasa. Mkipiga vipande vya nyumba vyenu kwa mwanga wa taa za ofisini na vipande vya mapenzi kwa mwanga wa machweo ya Coco Beach, mtakuwa mmekwisha kumwambia mtazamaji kwamba hizo ni filamu mbili, na hakuna uhariri utakaoziunganisha.

Msikatishwe tamaa na uhaba wa vifaa. Filamu hii iligharimu takriban dola 15,000, ikapigwa na watu wachache waliojuana tangu masomoni katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, akiwemo James Laxton aliyeshika kamera na Nat Sanders aliyehariri. Hao hao wawili walikuwa na Jenkins tena alipotengeneza Moonlight, iliyotoka mwaka 2016 na kushinda Oscar ya filamu bora mwanzoni mwa 2017. Safari hii Sanders alihariri pamoja na Joi McMillon, naye ametoka chuo hicho hicho. Kati ya filamu hizo mbili ilipita miaka minane, na uvumilivu wa kumtazama mtu aliye kimya bila kumkatiza, ambao ulimwengu uliusifu kwenye ya pili, umejaa kwenye ya kwanza. Mkirudia kipande cha teksi mtaona ninachosema: watu wawili kiti cha nyuma, kila mmoja ametazama dirisha lake, na mhariri hana haraka ya kutupeleka popote.

Kwa andiko lenu, nashauri mumtumie huyo dalali. Msimweke kama mtu mbaya, na msiwaache wapenzi wamlalamikie. Mpeni kipande kizima cha kuonyesha chumba kwa mpangaji mwingine kabisa, mtu tusiyemjua: afungue mlango, ataje umeme wa luku na maji ya kisima, aseme mwenye nyumba anapokea miezi sita kuanzia leo, ajibu simu mbili katikati ya maelezo, afunge mlango. Wapenzi wenu wawe wamekaa kibarazani nje ya nyumba hiyo wakila mihogo, wakiongea habari zao. Kipande hicho kiwekeni baada ya siku yao nzuri kuliko zote na kabla ya ugomvi wao wa kwanza, na ugomvi wenyewe uhusu kitu kingine, kwa mfano nani amechelewa na kwa nini hakupokea simu. Mkishapiga, nitumieni mkanda wa kwanza kabla hamjaweka muziki, niutazame kipande kwa kipande.